USHURU WA HUDUMA: KUTOKA MGODINI HADI KIJIJINI

Somo kwa makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi

Shabaha ya somo

Shabaha ya somo hili ni kuwawezesha makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika waelewe jinsi halmashauri ya wilaya inavyopata fedha kutoka kwa wawekezaji, jinsi inavyozigawa, na jinsi fedha hizo zinavyogeuka kuwa darasa, zahanati au daraja. Baada ya kulisoma na kulijadili, katibu aweze kutenda mambo matatu: kutofautisha ushuru wa huduma na malipo mengine, kufanya hesabu nyepesi ya kuhakiki, na kuuliza swali lifaalo mahali panapofaa.

Huenda mwanachama akasema kwamba mambo ya halmashauri si mambo ya ushirika. Kusema hivyo ni kukosea. Mwanachama wa chama cha msingi ndiye mwanakijiji yule yule. Kahawa yake hupita katika barabara ya kijiji, watoto wake husoma katika shule ya kijiji, na mkewe hujifungua katika zahanati iliyo jirani au hutembea saa nyingi kuitafuta iliyo mbali. Tena mazao yanayopita katika chama huchangia mfuko ule ule wa halmashauri kila msimu, kwa njia ya ushuru wa mazao. Mwenye kuchangia ana haki ya kujua.

Katika wilaya ya Tarime jambo hili lina uzito wa pekee. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioko Nyamongo, ulianza uzalishaji mwaka 2002. Umepita katika mikono ya kampuni kadhaa, na tangu mwaka 2019 uko chini ya kampuni ya Barrick, huku Serikali ya Tanzania ikiwa na hisa za asilimia 16 kupitia kampuni ya ubia ya Twiga. Vijiji kama Kewanja, Nyangoto, Genkuru na Kerende vinaishi na mgodi huo usiku na mchana.

Dhahabu haifanani na kahawa. Kahawa hupimwa kwenye mizani ya chama mbele ya macho ya mkulima, naye hupewa stakabadhi. Dhahabu haipimwi mbele ya mwanakijiji; kwake kinachoonekana ni kile tu kinachorudi kijijini. Kadhalika, mkahawa uliozeeka hukatwa ukachipua tena, lakini mwamba uliokwisha kusagwa hauchipui. Bandu bandu huisha gogo. Basi swali kubwa la Tarime ni hili: siku mgodi utakapofungwa, ni kitu gani kitakachobaki kimesimama, kikiwa mali ya wananchi na chenye kuwafaa?

1. Asili ya ushuru huu

Historia ya halmashauri na historia ya ushirika nchini zinakaribiana sana. Halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972 ulipoanza mpango wa madaraka mikoani. Miaka minne baadaye, mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa. Ikaonekana kwamba wananchi walipoteza vyombo vyao vya kuamulia mambo, na vyote viwili vikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Halmashauri zikaanza kazi upya mwaka 1984. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Na. 9 ya mwaka 1982, pamoja na marekebisho yake mengi, ndiyo inayoziruhusu halmashauri kutoza ushuru na ada mbalimbali.

Kwa miaka mingi kila mtu mzima alilipa kodi ya maendeleo. Watu waliichukia kodi ile, hasa kwa namna ilivyokusanywa, na ilifutwa mwaka 2003 pamoja na ushuru mwingi mdogo mdogo uliokuwa kero. Wananchi walifurahi, na walikuwa na sababu. Lakini badiliko hilo lilikuwa na matokeo ambayo hayakutazamiwa na wengi. Mtu aliyelipa kodi ya maendeleo alikuwa na stakabadhi mfukoni, na mwenye stakabadhi haoni haya kuuliza fedha imekwenda wapi. Kodi ilipofutwa, sehemu kubwa ya mapato ya halmashauri zenye migodi ikawa inalipwa na kampuni, kwa njia ya benki, pasipo mwanakijiji kuona chochote. Stakabadhi haikuwa tena mikononi mwake, naye akaacha kuuliza.

Hapo ndipo penye kosa la kwanza la kurekebishwa. Ushuru wa huduma hulipwa kwa sababu mfanyabiashara hutumia barabara, ardhi, usalama na huduma za mahali pale. Ni fedha ya umma wa mahali pale, hata kama hakuna mwanakijiji hata mmoja aliyetoa shilingi mfukoni mwake.

2. Malipo ya namna tano yasiyopaswa kuchanganywa

Mabishano mengi katika mikutano ya vijiji hutokana na watu kutumia neno moja kwa mambo matano. Yafaa yatenganishwe.

(a) Mrabaha. Haya ni malipo kwa Serikali Kuu kwa ajili ya madini yenyewe, ambayo kisheria ni mali ya Taifa. Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi asilimia 6 ya thamani ghafi. Fedha hizi haziingii katika mfuko wa halmashauri moja kwa moja.

(b) Ushuru wa huduma. Huu hulipwa kwa halmashauri ambamo biashara inafanyika. Kiwango chake hakizidi asilimia 0.3 ya mauzo, baada ya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa. Neno la kushika hapa ni mauzo. Ushuru huu hautozwi juu ya faida, kwa hiyo kampuni isiyopata faida mwaka huo nayo hulipa, maadamu imeuza.

(c) Mpango wa wajibu wa kampuni kwa jamii. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliweka katika kifungu cha 105 sharti kwamba kila mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii. Mpango huo hufikishwa kwa halmashauri ili iujadili na kuuidhinisha, nao hauna budi kufuata vipaumbele vya halmashauri. Halmashauri kwa upande wake inatakiwa kuandaa mwongozo, kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi. Kabla ya hapo kampuni iliweza kujichagulia la kujenga na kulizindua kama zawadi. Sasa jambo hilo ni wajibu, wala si sadaka.

(d) Fidia. Hii ni haki ya mtu binafsi ambaye ardhi, mazao au nyumba yake imechukuliwa. Haihesabiwi kuwa maendeleo ya kijiji, kwa kuwa ni badala ya kile alichokuwa nacho mwenyewe.

(e) Ushuru wa mazao. Huu hulipwa na mnunuzi wa mazao. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Ingawa sheria humtaja mnunuzi, mkulima anajua vema kwamba kila kinachotozwa juu ya zao hugusa bei yake.

Mtu akisema katika mkutano kwamba mgodi umeleta fedha nyingi sana, swali la kwanza la katibu liwe: ni fedha ya namna ipi kati ya hizi tano?

3. Hesabu ambayo katibu aweza kuifanya

Uchukuliwe mfano wa hesabu tu. Mgodi ukiuza dhahabu ya shilingi bilioni 100 katika mwaka, ushuru wa huduma kwa asilimia 0.3 ni shilingi milioni 300. Na chama cha msingi kikiuza kahawa ya shilingi milioni 80, ushuru wa mazao kwa asilimia 3 ni shilingi milioni 2 na laki 4. Mifano hii yaonyesha mambo mawili. Kwanza, mgodi mmoja waweza kuchangia kuliko vyama vingi kwa pamoja. Pili, kwa kila shilingi inayouzwa, zao la mkulima hubeba ushuru wa halmashauri mara kumi ya ule unaobebwa na dhahabu. Kwa hiyo mwanachama asijione mgeni panapozungumzwa mfuko wa halmashauri.

Zamani hesabu ya migodi haikuwa hivi. Mikataba ambayo Serikali iliifunga na baadhi ya kampuni za migodi mikubwa iliweka kikomo cha dola 200,000 za Marekani kwa mwaka kwa malipo ya serikali za mitaa. Sasa kama mgodi uliuza dhahabu ya dola milioni 200, asilimia 0.3 ingekuwa dola 600,000. Kikomo kiliikosesha halmashauri theluthi mbili ya stahili yake. Baada ya madai ya muda mrefu ya halmashauri zenye migodi na ya wabunge, migodi mikubwa ilianza kulipa kwa kiwango cha sheria katika muongo wa 2010. Somo lililomo ni kwamba mkataba uliosainiwa mbali waweza kukatisha paa la shule ya karibu, na kwamba kudai kwa hesabu huzaa matunda.

Ipo pia hesabu ya kuhakiki. Mrabaha wa asilimia 6 ukigawanywa kwa ushuru wa asilimia 0.3 hupatikana 20. Maana yake ni kwamba, pale mrabaha unapotozwa kwa asilimia 6, kila shilingi 20 za mrabaha zaelekea kulingana na shilingi 1 ya ushuru wa huduma. Hailazimu kulingana kabisa, kwa kuwa vipindi vya malipo na namna ya kuhesabu thamani huweza kutofautiana kidogo. Lakini tofauti ikiwa kubwa, pana swali la kuuliza. Takwimu za malipo hayo hazikufichwa. Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji ya mwaka 2015, yaani tasnia ya madini, mafuta na gesi, huagiza kutolewa hadharani kwa kile ambacho kampuni imesema imelipa na kile ambacho Serikali imesema imepokea.

4. Safari ya fedha

Fedha ikishaingia katika akaunti ya halmashauri, haiendi kijijini yenyewe. Hupita katika hatua, na kila hatua ina mlango ambao mwananchi aweza kuubisha.

Hatua ya kwanza ni kijiji. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, hupanga vipaumbele na kuvipeleka mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na sheria hutaka ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Kipaumbele kisichoandikwa katika muhtasari wa mkutano huo hakina nguvu mbele ya safari.

Hatua ya pili ni kata. Kamati ya maendeleo ya kata, chini ya uenyekiti wa diwani, hukusanya mipango ya vijiji na kuipanga kwa uzito.

Hatua ya tatu ni halmashauri ya wilaya. Wataalamu hupima gharama, kisha mipango hujadiliwa katika kamati za kudumu. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ndiyo hutazama makisio ya mapato na matumizi. Halafu baraza la madiwani hupitisha bajeti ya mwaka unaoanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Bajeti hiyo huendelea mkoani na katika ngazi ya Taifa kabla ya kuanza kutumika.

Hapa ieleweke kwamba halmashauri haiko huru kutumia mapato yake yote kwa ujenzi. Tangu mwaka 2018 sheria huitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro katika utoaji na urejeshaji, ikaanza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Pia baadhi ya kazi zimehamishiwa katika vyombo vingine. Barabara za wilaya ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na maji ya vijijini chini ya RUWASA tangu mwaka 2019. Kijiji kikitaka daraja, hakina budi kulifikisha katika mpango wa TARURA pia, la sivyo litajengwa na kukosa wa kulitunza.

Hatua ya nne ni ujenzi. Siku hizi miradi mingi ya shule na zahanati hujengwa kwa mafundi wa kawaida wa mahali pale, kwa utaratibu ambao wengi huuita fosi akaunti. Wananchi huunda kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi ya vifaa. Kwa watu wa ushirika kazi hii si ngeni. Kamati ya mapokezi hufanya kazi ile ile ya karani wa ghala: huhesabu kilicholetwa, hulinganisha na hati, na hukataa kutia saini pasipo mali.

Hatua ya tano ni taarifa na ukaguzi. Mapato na matumizi ya kijiji hayana budi kusomwa katika mkutano mkuu na kubandikwa penye ubao wa matangazo. Hesabu za halmashauri hukaguliwa kila mwaka na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na taarifa yake hufikishwa Bungeni.

5. Mahali ambapo fedha hukwama

Kasoro ya kwanza ni wingi wa maboma. Wananchi huchanga na kuinua kuta mpaka usawa wa lenta, wakitumaini halmashauri italeta bati. Kila kijiji kikiinua boma lake, fedha hugawanywa kidogo kidogo ili kila mmoja aridhike, na matokeo yake ni kuta nyingi zinazonyeshewa na darasa moja lisilokamilika popote. Ni afadhali kata ikubaliane kumaliza majengo mawili mwaka huu na mawili mwaka ujao, ikaandika zamu, kuliko kuanza kumi.

Kasoro ya pili ni makisio ya kubahatisha. Halmashauri isiyojua mauzo ya mwekezaji hukadiria ushuru kwa kutazama mwaka uliopita. Bei ya dhahabu ikipanda au uzalishaji ukishuka, bajeti hupotoka. Asiyejua mauzo hajui ushuru.

Kasoro ya tatu ni kujenga pasipo kufikiri uendeshaji. Zahanati si kuta. Yahitaji usajili, mganga, muuguzi, dawa, maji na nyumba ya mtumishi. Jengo likikamilika kabla mambo hayo hayajapangwa, hufungwa kwa kufuli na kuwa makao ya popo.

Kasoro ya nne ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni ugomvi wa mgawanyo. Vijiji vinavyozunguka mgodi husema: sisi ndio tuliotoa ardhi, ndio tunaopata vumbi na mitikisiko ya baruti, na ndio tunaopokea umati wa wageni wanaojaza shule zetu. Vijiji vya mbali navyo husema: halmashauri ni yetu sote, na ushuru ni wa wilaya nzima, mtoto wa huko milimani asikae chini ya mti kwa kuwa hakuzaliwa karibu na shimo la dhahabu. Pande zote mbili zina haki, na ndiyo maana ugomvi huu hauishi kwa kelele.

Njia ya kuumaliza ni kutenganisha mifuko. Ushuru wa huduma ni mapato ya halmashauri yote, nao wafaa ugawanywe kwa kutazama uhitaji wa kila kata. Mpango wa wajibu wa kampuni kwa jamii umekusudiwa kuangalia pia madhara na mahitaji ya waliopakana na mgodi, nao wafaa uwape uzito mkubwa zaidi. Muhimu kuliko yote, kanuni ya mgawanyo iandikwe na kutangazwa kabla fedha haijafika. Wanaushirika wanalijua jambo hili kwa uzoefu. Ziada ya chama ikigawanywa kwa kanuni iliyopitishwa na mkutano mkuu, hakuna anayeshuku. Ikigawanywa baada ya fedha kuonekana mezani, hata mgawanyo wa haki huonekana wizi.

Wilaya jirani ya Serengeti ina mfano wa kutazamwa. Vijiji vitano vya Robanda, Nyichoka, Nyakitono, Makundusi na Park Nyigoti viliungana katika jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya Ikona, ili mapato ya wawekezaji wa utalii yapitie katika chombo kimoja cha pamoja. Wanyama hawajui mpaka wa kijiji, na hoteli haiwezi kujengwa katika kila kijiji. Chombo kimoja chenye katiba na hesabu huwapa wote mahali pa kudai na pa kujibiwa.

6. Mifano kutoka nje

Ng'ambo ya Sirari, nchini Kenya, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliugawa mrabaha kwa mafungu: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa serikali ya kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa madini. Hata hivyo jamii nyingi zilingoja miaka kadhaa, kwa kuwa ilibidi kwanza ziundwe kamati za kupokea na kusimamia fedha. Hapo yaonekana kwamba asilimia iliyoandikwa katika sheria haijengi kitu mpaka kiwepo chombo cha kuipokea.

Huko Uingereza, tangu mwaka 2010 halmashauri zimeruhusiwa kumtoza mwenye kujenga nyumba au maduka mapya ushuru wa miundombinu ya jamii, unaokadiriwa kwa mita za mraba za jengo. Sehemu ya ushuru huo hurudishwa kwa baraza dogo la mahali palipojengwa: asilimia 15 kwa kawaida, lakini asilimia 25 ikiwa wakazi wa mahali pale wamekwisha kuandika na kupitisha mpango wao wa maendeleo. Pia halmashauri yenye kukusanya ushuru huo hutakiwa itangaze kila mwaka ni kiasi gani kilipokelewa, kilitumika wapi na kilichobaki ni kiasi gani. Mazingira ya huko ni mbali na ya Nyamongo, lakini kanuni yake yaeleweka popote: wenye mpango ulioandikwa hupata zaidi kuliko wasio nao.

7. Kazi ya katibu na mwanachama

Chama cha ushirika si halmashauri wala si chama cha siasa, na hakipaswi kunyang'anya kazi ya yeyote. Lakini kina watu waliozoea daftari, na ujuzi huo ni mali kwa kijiji kizima. Katibu aweza kusaidia kwa njia hizi:

(a) Aweke katika ofisi ya chama jalada moja lenye mihtasari ya mkutano mkuu wa kijiji inayohusu miradi, pamoja na nakala za taarifa za mapato na matumizi zilizobandikwa.

(b) Kila msimu aandike jumla ya ushuru wa mazao uliolipwa kutokana na mauzo ya chama, na kuisoma mbele ya wanachama, ili kila mmoja ajue mchango wao.

(c) Ahakikishe kwamba kila malipo kwa halmashauri yana namba ya kumbukumbu ya malipo na stakabadhi ya mashine. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono tu isikubaliwe.

(d) Awahimize wanachama wahudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Asiyekuwepo na lake halipo.

(e) Taarifa ikikosekana, iombwe kwa barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 humtaka mwenye taarifa ajibu ndani ya siku 30. Barua yenye adabu, tarehe na nakala hufanya kazi kuliko maneno makali ya barabarani.

(f) Wanachama wenye ujuzi wa ghala na mizani wakubali kuchaguliwa katika kamati za mapokezi ya vifaa vya ujenzi.

Wakurya tangu zamani wana desturi ya iritongo, yaani baraza la watu ambapo jambo zito husemwa waziwazi mbele ya wote mpaka ukweli ujulikane. Hesabu za ushuru zinahitaji moyo uo huo, pamoja na kalamu. Kusema hadharani kunamtia mtu haya. Kuandika kunamzuia asisahau.

Kwa kumalizia, yafaa ikumbukwe kwamba mgodi una mwisho wake, lakini darasa lililojengwa vema laweza kufundisha wajukuu wa wale waliotoa ardhi. Kati ya mwamba uliosagwa na darasa hilo pana daraja moja tu, nalo ni mpango ulioamuliwa na wengi na hesabu iliyowekwa wazi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Eleza tofauti kati ya mrabaha, ushuru wa huduma na fidia. Ni malipo yapi kati ya hayo yanayoingia katika mfuko wa halmashauri?

2. Mwekezaji ameuza bidhaa za shilingi bilioni 40 katika mwaka. Ushuru wa huduma kwa asilimia 0.3 ni shilingi ngapi? (Jibu: milioni 120.)

3. Taarifa yaonyesha kwamba kampuni ililipa mrabaha wa shilingi bilioni 6 kwa kiwango cha asilimia 6, na ushuru wa huduma wa shilingi milioni 150. Kuna swali gani la kuuliza, na liulizwe wapi?

4. Katika kata yenu kuna maboma mangapi ambayo hayajakamilika? Yapangeni kwa zamu ya kumalizwa, mkitaja sababu ya kila moja.

5. Vijiji vilivyo karibu na mgodi na vijiji vya mbali vigawane vipi ushuru wa huduma? Kikundi kiandike kanuni moja ambayo pande zote mbili zingeweza kuikubali.

6. Mara ya mwisho mapato na matumizi ya kijiji chenu yalisomwa lini? Nani anao muhtasari wa mkutano huo?